AP za Omada nyuma ya ruta ya kawaida: kontrola inatawala nini, na nini kinabaki kwako

Ruta inayoletwa na kampuni ya intaneti mara nyingi haiondoleki. Tundu la faiba liko kwake, pengine na laini ya simu ya mezani, na mipangilio ya ndani kabisa kampuni imeifunga. Shida ni kwamba Wi-Fi yake haifiki chumba cha mwisho. Basi mwenye nyumba anaongeza visambaza Wi-Fi vinavyosimama peke yake, vile mafundi wanavyoviita AP, na zikishakuwa mbili au tatu swali linakuja lenyewe: zitasimamiwa vipi? Tathmini hii inapima jibu moja, yaani familia ya Omada ya TP-Link, ikitumika bila ruta ya Omada, nyuma ya ruta ya kawaida isiyojua lolote kuhusu kontrola, yaani programu au kiboksi kinachosimamia AP zote kwa pamoja.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa nyumba yenye AP mbili hadi sita, Omada ni chaguo zuri, na sababu si kasi. Sababu ni kwamba majina ya mitandao, nywila na aina ya ulinzi vinakaa mahali pamoja. AP moja ikiungua, unaweka nyingine, unaipokea kwenye kontrola, nayo inachukua majina na nywila bila kuandikiwa. Kinachobaki ni kuichagulia chaneli na nguvu ya mawimbi. Ila kontrola inatawala AP peke yake. Ruta haimo. Malalamiko mengi juu ya vifaa hivi yanazaliwa hapo hapo, pale mtu anapotarajia kontrola irekebishe jambo ambalo liko kwenye ruta.

Vifaa vyenyewe

EAP225 ni ya kizazi cha Wi-Fi 5. Ile 1350 inayotajwa kwenye boksi ni Mbps 450 za bendi ya GHz 2.4 zikijumlishwa na 867 za GHz 5, na hakuna simu itakayozipata zote kwa pamoja. Simu yenye antena mbili ikiwa chumba kimoja na AP, kwa chaneli ya upana wa MHz 80, itaonyesha 867 kama kasi ya kuunganishwa. Upakuaji halisi ukifika nusu au theluthi mbili ya hapo, kila kitu kiko sawa. EAP610 ni Wi-Fi 6, yenye 574 kwenye GHz 2.4 na 1201 kwenye GHz 5. Tofauti yake kubwa na EAP225 haionekani kwa simu moja inayopima kasi. Inaonekana vifaa vikiwa vingi, maana Wi-Fi 6 inaweza kugawa chaneli moja kwa vifaa kadhaa kwa wakati mmoja. Zote mbili zina tundu moja la etheneti la gigabiti.

EAP615-Wall ndiyo tunayoipenda kwa chumba chenye runinga na kompyuta. Inakaa ukutani juu ya boksi la soketi, waya mmoja unaingia kwa nyuma, na chini yake kuna matundu matatu ya LAN (mtandao wa ndani). Hivyo runinga inakwenda kwa waya, na Wi-Fi inabaki kwa simu. Tundu moja kati ya hayo linaweza kupitisha umeme kwa kifaa kingine, mradi AP yenyewe inalishwa kwa PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) ya kiwango cha 802.3at.

OC200 ni kontrola ndani ya kiboksi kidogo. Ina matundu mawili ya etheneti ya Mbps 100, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo, wakidhani itakaba intaneti ya nyumba nzima. Haikabi. Data za simu na kompyuta zinatoka kwenye AP kwenda swichi (kiboksi kinachounganisha nyaya za mtandao) kisha ruta, bila kuigusa OC200. Inayopita humo ni amri na takwimu tu. Inawashwa kwa PoE au kwa waya wa micro USB, lakini adapta ya umeme haimo kwenye boksi. Panga umeme wake kabla hujaifungua.

Anza na ruta

Kabla ya AP yoyote kuchomekwa, ingia kwenye ruta na uangalie safu ya anwani inazogawa kwa DHCP (huduma inayovipa vifaa anwani za mtandao). Ikiwa ruta ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia .2 hadi .254, ipunguze, kwa mfano kuanzia .50 hadi .220. Zinazobaki chini ni za vifaa visivyotakiwa kuhamahama: kontrola .10, AP .11, .12, .13. Kama ruta inakuruhusu kufunga anwani kwa kila kifaa kulingana na namba yake ya MAC, fanya hivyo badala ya kuandika anwani ndani ya AP. Ni salama zaidi, maana siku ruta ikibadilishwa na mpya ikaja na safu nyingine, AP hazitabaki zimekwama kwenye anwani za zamani.

DHCP iwe moja tu, nayo ni ya ruta. AP za Omada hazigawi anwani, kwa hiyo hatari haitoki kwao. Inatoka kwa ruta kuukuu ambayo mtu ameigeuza AP akasahau kuizima DHCP. Dalili yake inachosha: simu zinaunganishwa, nusu zinapata intaneti na nusu hazipati, na ukizima na kuwasha zinabadilishana. Ukiona hivyo, tazama anwani ya lango kwenye simu isiyopata intaneti. Ikiwa si ya ruta yako, mhusika umempata.

Kisha izime Wi-Fi ya ruta, bendi zote mbili. Hapa wengi husita, wakiona ni hasara kuacha mawimbi ya bure. Lakini kontrola haiioni Wi-Fi hiyo, haiwezi kuipangia chaneli wala kuipunguzia nguvu, na ruta ikiwa kwenye hali ya kujichagulia chaneli itahamia juu ya AP zako usiku wowote. Kibaya zaidi ni kuipa jina na nywila zilezile za AP: simu itang'ang'ania ruta ya sebuleni hadi chumba cha mwisho. Kama sehemu ya ruta kweli inahitaji mawimbi, weka AP hapo hapo kando ya ruta. Na kama bajeti hairuhusu, iachie ruta jina lake tofauti, chaneli uifunge kwa mkono, na uihesabu katika ramani ya chaneli zako kana kwamba ni AP mojawapo.

Jambo la mwisho kwenye ruta ni matundu. AP au swichi yake inaingia kwenye tundu la LAN. Kwa ruta kuukuu uliyoigeuza AP, waya nao uingie LAN yake, usiingie WAN (tundu la intaneti), la sivyo unapata NAT juu ya NAT, yaani ruta ndani ya ruta: printa haionekani kutoka upande wa pili, na michezo ya mtandaoni inalalamika.

Umeme na waya

Sehemu hii ndiyo inayoleta matatizo mengi kuliko mipangilio yote ya kontrola, na haipewi uzito wake.

PoE ziko za aina mbili, na kuzichanganya kunaunguza vifaa. Ya kwanza ni ya viwango. 802.3af inatoa wati 15.4 kwenye swichi, na kifaa kinahakikishiwa 12.95 baada ya hasara ya waya; 802.3at inatoa 30, kifaa kinapata 25.5. Swichi ya aina hii hupima kwanza kama kifaa cha upande wa pili kinaomba umeme, ndipo inautoa, kwa hiyo kompyuta ikichomekwa kwa bahati mbaya haidhuriki. Ya pili ni PoE isiyouliza, ya volti 24, inayotoka kwenye injekta ndogo (kiboksi kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao). Hiyo inamwaga umeme kwenye nyaya 4 na 5, na kurudi kwa 7 na 8, iwe upande wa pili kuna AP au kuna runinga. EAP225 toleo la 3 inakubali zote mbili, volti 24 na 802.3af. Ukitumia injekta, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye waya unaotoka: AP TU.

EAP610 imetajwa na mtengenezaji kuwa ya 802.3at au adapta ya volti 12. Usiilishe kwa swichi ya af kwa matumaini. AP inapokuwa haina kazi inaweza kuonekana iko sawa, kisha vifaa vikizidi inahitaji wati zaidi ya ilizotengewa, swichi inakata umeme wa tundu, AP inajiwasha upya, na mtu anaanza kulaumu fimuwea (programu ya ndani ya AP).

Hesabu pia bajeti ya swichi nzima. Swichi yenye matundu manne ya PoE haimaanishi kila tundu litatoa wati 30 kwa wakati mmoja. Tazama jumla iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. AP tatu za wati 13 kila moja pamoja na kontrola zinakaribia wati 45. Acha nafasi ya robo juu ya hapo.

Waya uwe Cat5e au Cat6 wa shaba tupu, usizidi mita 100 kutoka swichi hadi AP. Kuna nyaya za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi mkononi na rahisi kwa bei. Upinzani wake ni mkubwa, volti zinashuka njiani, na kwenye kichwa cha RJ45 uzi unakatika ukikunjwa mara chache. Kwa data tupu na umbali mfupi zinaweza kwenda, lakini kwa PoE tunazikataa kabisa.

Kosa jingine la waya linajificha kwa miaka. Gigabiti inahitaji nyaya zote nane. Jozi moja ikikatika, kifaa kinashuka hadi Mbps 100 na kuendelea kufanya kazi kimya kimya. Fungua ukurasa wa AP ndani ya kontrola, utazame kasi ya uunganisho wa waya. Ikisoma 100 badala ya 1000, usiguse chaneli wala nguvu. Bana upya vichwa vya waya pande zote mbili.

Njia tatu za kusimamia

Ya kwanza ni kutokuwa na kontrola kabisa. Kila AP ya Omada ina ukurasa wake kamili unaofunguka kwa kivinjari, na hili ni jambo tunalolisifu kwa dhati. Isipopata DHCP hujipa 192.168.0.254, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, ipe kompyuta anwani kama 192.168.0.10 ndipo utaifikia. Kwa AP moja, au mbili zisizobadilishwa mara kwa mara, hii inatosha. Unachokosa ni mesh (AP kuunganishwa na nyingine bila waya) na uhamaji wa haraka wa simu kati ya AP, maana hivyo vinahitaji kontrola.

Ya pili ni programu ya kontrola, ya bure, ya Windows au Linux. Kwa kivinjari inafunguka kwenye poti 8043. Kwenye Linux unaweka Java na MongoDB (hifadhidata) kwanza, na hapo kuna mtego: MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inataka prosesa yenye maagizo ya AVX. Kompyuta kuukuu isiyo nayo itasakinisha kila kitu vizuri, kisha huduma inakataa kuwaka na ujumbe wa kosa hausemi wazi kwa nini. Pima kwanza kwa amri ya lscpu. Neno avx lisipoonekana, tumia MongoDB ya matoleo ya 4.

Ya tatu ni OC200. Inachofanya ni kilekile cha programu, ila haihitaji kompyuta inayowaka mchana na usiku. Je, ni lazima kontrola iwake wakati wote? Si lazima. AP zinahifadhi mipangilio yake zenyewe, na hata umeme ukikatika na kurudi zitaendelea kurusha mawimbi kontrola ikiwa imezimwa. Kinachosimama ni takwimu, uhamaji wa haraka, mesh kujipanga upya, na ukurasa wa kuingilia wageni kama unautumia. Ushauri wetu: AP mbili, programu kwenye kompyuta uliyonayo, tatu na kuendelea, OC200, na uichomeke kwenye UPS ileile ya ruta.

Kuipokea AP, na inapokwama

Hatua ni fupi. Kontrola na AP ziwe kwenye safu moja ya anwani. Unda saiti na uchague nchi sahihi, kwa sababu nchi ndiyo inayoamua chaneli na nguvu zinazoruhusiwa. Chomeka AP, subiri dakika mbili, itatokea kwenye orodha ya vifaa ikiwa na hali ya Pending. Bonyeza Adopt. Itapita Provisioning na Configuring, kisha itatulia kwenye Connected. Sasisha fimuwea yake kabla ya kuendelea, AP moja baada ya nyingine, na usiikatie umeme katikati.

Isipotokea kabisa, mshukiwa wa kwanza ni ukuta wa moto wa kompyuta yenye kontrola. AP na kontrola hutafutana kwa UDP 29810, kisha huongea kwa TCP 29811 hadi 29814, na matoleo ya karibuni yameongeza 29815 na 29816. Windows ikiuhesabu mtandao wako kuwa wa umma, huzifunga zote. Ubadilishe uwe wa binafsi, kisha uruhusu programu.

Ikisoma Adopt Failed na kuomba jina na nywila, AP hiyo iliwahi kuwekewa nywila yake. Iandike, au uifanyie riseti kwa kushikilia kitufe zaidi ya sekunde tano hadi taa ianze kumeta. Ikisoma Managed by Others, iko chini ya kontrola nyingine. Hapo ni lazima iachiliwe na kontrola ile au ifanyiwe riseti.

Ikiwa AP zote zilikuwa Connected na leo zote ni Disconnected huku intaneti inafanya kazi, mara nyingi kontrola ndiyo iliyohama. Ruta imeipa anwani nyingine na AP zinaendelea kubisha hodi kwenye ile ya zamani. Ndiyo sababu ya ile .10 tuliyoitenga mwanzoni. Baada ya kupokelewa, ukurasa wa AP yenyewe haukuruhusu tena kubadilisha mambo, na nywila ya admin inageuka kuwa ile iliyo kwenye mipangilio ya saiti, chini ya akaunti ya vifaa. Iandike mahali. Kontrola ikifa bila nakala, nywila hiyo ndiyo itakayokuokoa kufanya riseti kwa ngazi, dari baada ya dari.

Mawimbi

Hapa ndipo kontrola inapolipa gharama yake, na hapo hapo mipangilio ya kiwandani inakuangusha, kwa kuwa AP hutoka zikiwa na nguvu kubwa. Simu nyingi hurusha kwa nguvu ndogo kuliko AP. Simu inaisikia AP vizuri kutoka mbali, AP haiisikii simu. Kwenye skrini mawimbi yamejaa, lakini kurasa hazifunguki. Nguvu kubwa pia inaifanya simu isione sababu ya kuhama.

Tunapoanzia ni dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 8 hadi 11 kwa GHz 2.4, na 17 hadi 20 kwa GHz 5. Tofauti ya karibu dB 6 au zaidi kati ya bendi inaifanya simu iipendelee GHz 5 bila kulazimishwa. Kumbuka kila dB 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo kutoka 20 kwenda 14 umebaki na robo. Kisha tembea na simu yenye programu ya kupima mawimbi hadi mahali ambapo watu hupita kutoka AP moja kwenda nyingine, kwa kawaida mlangoni au kwenye ngazi. AP ya mbele isomeke -67 dBm au bora zaidi kabla ya ile ya nyuma haijashuka chini ya -70. Namba hizo zina asili: Apple inaeleza kwamba iPhone huanza kutafuta AP nyingine ikifika -70 dBm, na ikiwa inatumia data huhamia ile iliyo bora kwa dB 8 au zaidi. Uamuzi wa kuhama ni wa simu. Kontrola hushawishi tu.

Chaneli za GHz 2.4: upana MHz 20, na namba 1, 6 au 11 pekee. Anayeweka chaneli 3 akidhani anawakwepa majirani wa 1 na 6 anagongana nao wote wawili. MHz 40 kwenye bendi hii usiitumie.

GHz 5 inahitaji kufikiri zaidi. Chaneli 52 hadi 144 ni za pamoja na rada. AP ikipangiwa mojawapo lazima isikilize kwanza bila kurusha, angalau sekunde 60, na ikigundua rada ihame na isirudi hapo kwa dakika 30. Mtu anaiwasha upya AP, anaona GHz 2.4 imerudi na GHz 5 haipo, anadhani imeharibika. Nje ya rada kuna vipande viwili vya MHz 80: 36 hadi 48, na 149 hadi 161 pale nchi inaporuhusu. AP mbili, kila moja kipande chake, basi. Ukiwa na tatu, au nchi yako haina 149, punguza upana hadi MHz 40 na ugawe 36 na 44. Unapoteza nusu ya kasi ya juu ya kuunganishwa, lakini AP zinaacha kusubiriana, na kwa simu za video hilo lina maana kubwa kuliko namba ya kipimo cha kasi.

Kitufe cha kuboresha mtandao kwa otomatiki kipo. Kinaweza kukupa pa kuanzia. Kisiachwe kijiendeshe kwa ratiba, maana kila kikibadilisha chaneli vifaa vyote vinakatika kwa muda.

Kuhusu kizingiti cha RSSI, kinachokata kifaa chenye mawimbi dhaifu, tuko waangalifu. Ukikiweka -70 utaitoa kamera ya getini kila baada ya dakika chache, na haina AP nyingine ya kwenda. Kiache kimezimwa, ukilazimika, anzia -80. Uhamaji wa haraka wa 802.11k na v uwashe. Ule wa 802.11r uujaribu kwanza: printa za zamani na balbu za kisasa zinaweza kushindwa kuunganishwa ukiuwasha, sawa na zinavyosumbuliwa na WPA3. Dawa ni kuvipa vifaa hivyo jina lake, GHz 2.4 pekee, WPA2, bila r, na jina kuu libaki la simu na kompyuta. Majina matatu yanatosha nyumba yoyote. Kila jina linajitangaza karibu mara kumi kwa sekunde kwenye kila AP, na kelele hiyo inakula muda wa hewani.

Wageni, na mpaka wa VLAN

Kisanduku cha Guest Network kwenye jina la mtandao kinafanya kazi bila ruta ya Omada, na hii ni sehemu iliyotengenezwa vizuri. AP yenyewe inawazuia wageni kufikia anwani za binafsi za nyumbani na inawaachia intaneti. Usishangae mgeni akishindwa kurusha video kwenye runinga yako, ndivyo ilivyokusudiwa.

VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja wa waya kuwa kadhaa iliyotengana, ni jambo jingine. Kontrola itakuruhusu kuandika VLAN 20 kwenye jina la mtandao, AP itazipiga chapa pakiti kama ulivyosema, lakini ruta ya nyumbani isiyojua VLAN haitagawa anwani kwenye 20. Simu itakaa kwenye hali ya kutafuta anwani kisha itakata tamaa. Hilo halirekebishiki kwa mpangilio wowote wa AP. Ama ongeza ruta inayojua VLAN, ama ridhika na mtandao wa wageni wa AP.

Mesh tuizungumze kwa ufupi: itumie pale tu waya hauwezi kufika. AP isiyo na waya inapokea na kurusha kwa redio ileile ya GHz 5, hivyo kila hatua inakula takriban nusu ya uwezo. Iweke mahali inapoisikia AP ya waya vizuri, si ndani ya chumba chenye giza la mawimbi.

Ukilinganisha na wengine

UniFi ya Ubiquiti ndiyo mshindani wa karibu, na kurasa zake zinapendeza zaidi macho. Lakini AP zake hazina ukurasa wa kivinjari wa kuzipangia. Bila kontrola unabaki na programu ya simu. AP inapokataa kuonekana kwenye kontrola unaingia kwa SSH (amri za maandishi kwa mbali) na kuandika set-inform ikifuatiwa na anwani ya kontrola kwenye poti 8080, jambo ambalo si la kila mtu. Tazama pia karatasi ya vipimo kabla ya kununua: U6 Lite ni Wi-Fi 6 kwenye GHz 5 tu, na GHz 2.4 yake ni ya kizazi cha Wi-Fi 4. U6+ imerekebisha hilo.

MikroTik na OpenWrt zinakupa uwezo mpana kuliko zote mbili, kwa anayependa kusoma nyaraka. Kuchanganya chapa kunawezekana: jina, nywila na aina ya ulinzi vifanane kabisa, na simu zitahama. Zitahama kwa kuunganishwa upya kila mara, na kila kontrola itaona AP zake tu.

Baada ya kufunga

Chukua nakala ya mipangilio siku ileile AP ya mwisho inapopokelewa, na uiweke nje ya kompyuta yenye kontrola. OC200 inaweza kujihifadhi kwa ratiba kwenye flashi ya USB. Nakala ya toleo jipya la kontrola haikubaliki kwenye toleo la zamani, kwa hiyo andika namba ya toleo kwenye jina la faili. Sasisha kontrola kwanza, kisha AP, na uanze na ile AP ambayo ikigoma haitakuhitaji kupanda darini.

AP ikitaka kuuzwa au kugawiwa, ibonyezee Forget ikiwa bado imeunganishwa, ndipo uichomoe. Inarudi kwenye hali ya kiwandani, na mpokeaji hatakutana na Managed by Others. Ukiichomoa kwanza, jina la mtandao wako na nywila yake vinaondoka nayo, na itaanza kurusha jina hilo kwenye nyumba ya mtu mwingine.